Shajara ya mradi: mchemraba wa rangi zinazogeuka, kutoka michirizi ya printa hadi vitovu

Lengo ni mchemraba wa 3×3 ambao kila stika ina rangi mbili. Ukiinamisha uso kushoto unaona rangi moja, ukiinamisha kulia unaona nyingine. Madukani ipo jamii hii: Rubik's Impossible hugeuka kwa pembe ya kutazama, na Rubik's Phantom hubaki nyeusi mpaka joto la vidole lifichue rangi. Huu wetu ni wa kujitengenezea hapa Nairobi, kwa printa za River Road na karatasi ya lentikula, ile plastiki ya mistari ya lenzi iliyo kwenye picha za ukutani ambazo simba hufumba na kufumbua macho ukimpita.

Hali ya sasa: mwili umekamilika, stika zote 54 zimebandikwa, na mchemraba unatatulika bila kubahatisha. Kilichobaki kiko mwishoni.

Ingizo la 1: rangi zichaguliwe kwa wino

Karatasi tunayotumia ina lenzi 75 kwa inchi na unene wa takriban milimita 0.45. Printa ya doti 600 kwa inchi inatoa doti 8 chini ya kila lenzi: 4 za rangi ya kwanza, 4 za rangi ya pili. Kila mchirizi basi una upana wa milimita 0.17 hivi. Kipimo hicho ndicho kinachoamua mambo yote yanayofuata.

Rangi sita za kawaida za Rubik hazifai. Nyeupe haina wino, kwa hiyo tone lolote la rangi jirani linaloingia kwenye mchirizi wake linaonekana kama uchafu. Chungwa ni mbaya zaidi. Printa haina tona ya chungwa; inaipata kwa njano iliyojaa pamoja na vidoti vya pinki vilivyotawanywa, na nafasi kati ya vidoti hivyo inakaribia upana wa mchirizi wenyewe. Ukingo wa mchirizi unatoka na meno, na ukiinamisha stika rangi haigeuki kwa mkupuo, inachubuka.

Dawa ni kutumia rangi ambazo printa inazitoa kwa wino uliojaa tu. Ziko sita, na zinafanya duara: njano, nyekundu (njano juu ya pinki), pinki, zambarau (pinki juu ya samawati), samawati, kijani (samawati juu ya njano), halafu unarudi njano. Kila uso unapewa rangi mbili zinazopakana kwenye duara hilo:

Juu (U): njano na nyekundu
Mbele (F): nyekundu na pinki
Kulia (R): pinki na zambarau
Chini (D): zambarau na samawati
Nyuma (B): samawati na kijani
Kushoto (L): kijani na njano

Uzuri wa mpango huu hauko kwenye macho, uko kwenye printa. Rangi mbili zinazopakana zina wino mmoja wa pamoja. Uso wa juu unahitaji njano iliyomwagwa kote bila mchirizi wowote, kisha pinki peke yake ndiyo inayopigwa michirizi. Uso wa chini ni samawati kote, na michirizi ya pinki. Ni wino mmoja tu unaochora mistari kwa kila uso, kwa hiyo printa ikiwa inakosea kulinganisha tona zake kwa sehemu ya milimita, na nyingi za mitaani zinakosea, haidhuru kitu.

Marekebisho moja: wino husambaa kidogo, hivyo mchirizi wa doti 4 unatoka kama wa doti 5. Weka michirizi ya doti 3 na uache 5 za msingi. Hili ni la lazima kwa nyuso mbili zenye njano, ambako kivuli cha rangi ya pili huonekana haraka. Kwa pinki na zambarau ukiweka 4 kwa 4 hutaona tofauti.

Ingizo la 2: faili na printa

Kazi nyingi huharibikia hapa, na kila mara ni kwa sababu zilezile.

Usitume faili kwa WhatsApp kama picha. Inabanwa, doti zinayeyushana, na michirizi inageuka ukungu. Itume kama dokumenti, au nenda na flashi.

Mwambie fundi wa printa aondoe kule kupunguza ukurasa ili utoshee. Programu nyingi zikiachwa zitachapisha kwa asilimia 97 hivi bila kusema. Stika yetu ya milimita 15.5 ina lenzi 46. Asilimia 3 ya 46 ni lenzi 1.4. Maana yake ni kwamba ndani ya stika moja rangi zitabadilishana zaidi ya mara moja, na badala ya stika ya rangi moja utapata pundamilia. Pima kwa rula kabla ya kulipa: mstari wa milimita 200 kwenye faili uwe milimita 200 kwenye karatasi.

Michirizi ielekee upande ambao karatasi inaingilia printa. Printa ya leza ina uthabiti mkubwa ikichora kukatiza karatasi kuliko ikiivuta; rola zikiteleza kidogo, mchirizi unarefuka tu na nafasi kati ya mchirizi na mchirizi haiguswi.

Faili liwe PDF yenye rangi za wino, si rangi za skrini. Ukipeleka rangi za skrini, printa inaitafsiri pinki yako kwa kuongeza vidoti vya njano, na umerudi kwenye tatizo la chungwa.

Mwisho, karatasi iliyoandikwa 75 si lazima iwe 75 kamili. Chapisha kipande cha majaribio chenye safu za 74.6, 74.7 na kuendelea hadi 75.4, weka lenzi juu yake, funga jicho moja, tazama ukiwa umeketi mahali pamoja. Safu inayogeuka yote kwa pamoja ndiyo ya karatasi yako. Yetu iligeukia 75.2. Kwa kipimo hicho kila lenzi inahitaji doti 7.98, kwa hiyo faili linapunguzwa doti moja kila baada ya lenzi 47, yaani karibu doti moja kwa kila stika. Unaweza kudhani doti moja haina maana. Lakini kosa linajumlishana kutoka stika hadi stika, na stika ya mwisho kwenye karatasi itageuka kwa pembe tofauti kabisa na ya kwanza. Ukizibandika kwenye uso mmoja, unapata madoadoa: tano zimeshakuwa nyekundu, nne bado ni njano.

Ingizo la 3: lenzi juu ya chapa

Mpindo wa digrii 1 kati ya lenzi na michirizi unahamisha mstari kwa milimita 0.27 kutoka upande mmoja wa stika hadi mwingine. Hiyo ni asilimia 80 ya lenzi nzima, na stika itakuwa na wimbi la rangi ya pili linaloikata. Kwa hiyo usijaribu kubandika A4 nzima kwa mkupuo. Kata chapa ya kila uso peke yake, kipande cha milimita 60 kwa 60, ukibandike kwenye lenzi yake.

Weka kioo juu ya tochi ya simu, chapa juu ya kioo, lenzi juu ya chapa bila kutoa karatasi ya gundi. Zungusha lenzi polepole. Mawimbi ya rangi yataanza yakiwa mengi na membamba, kisha yatapungua na kunenepa, mpaka ibaki rangi moja kote. Hapo shika upande mmoja kwa selotepu iwe kama bawaba, inua, toa karatasi ya gundi sentimita mbili tu, shusha, paka kwa kadi ya plastiki, endelea. Povu la hewa likibaki chini ya lenzi haliondoki kwa kutobolewa. Tundu la sindano litaonekana milele. Toa kipande cha akiba.

Kabla ya kukata, chora mshale kwa kalamu isiyofutika nyuma ya kila stika, uelekee upande ambao rangi ya kwanza ya uso inaonekana. Stika ikigeuzwa digrii 180 rangi zake hubadilishana pande, na ukiwa umeshazikata zote kwenye meza huwezi kujua kwa haraka ipi imepinduka.

Ingizo la 4: mwili

Mwili mweusi wa milimita 56 au 57, ule wa bei nafuu unaopatikana kwa urahisi katikati ya jiji. Michemraba ya plastiki iliyokolezwa rangi tuliiacha, kwa kuwa rangi ya mwili inachungulia pembeni mwa stika na kuharibu siri yote. Kila kipande kina milimita 19 hivi, ila kona zake zimeviringwa, kwa hiyo pima sehemu iliyo bapa tu.

Stika ya lentikula pamoja na chapa na gundi inafika milimita 0.6, mara kadhaa ya unene wa stika ya kawaida. Ikiwa kubwa, ukingo wake unanasa jirani mara safu inapozunguka nusu, na unaanza kubanduka kutoka kona. Milimita 15.5 ni kiasi cha haki. Kata kwa wembe mpya na rula ya chuma, ukipitisha mara tatu au nne kwa mkono mwepesi. Mkasi unaipasua lenzi pembeni. Zungusha kona nne kwa kikatia kucha. Futa mwili kwa spiriti, acha ukauke, bandika, kisha uache usiku kucha kabla ya kuuzungusha.

Ingizo la 5: mistari ielekee wapi

Hapa ndipo mradi ulipobadilika, toka kichezeo cha kupumbaza macho ukawa mchemraba unaosomeka kwa ukucha.

Ungeweza kuelekeza mistari ya lenzi vyovyote. Tulichagua hivi: uso wa juu na wa chini, mistari iende mbele–nyuma, uso wa mbele na wa nyuma, mistari iende kushoto–kulia, uso wa kulia na wa kushoto, mistari iende juu–chini. Chukua ukingo wowote, yaani kipande chenye stika mbili, tuseme wa juu-mbele. Kwenye uso wa juu mistari inaukata ukingo, kwenye uso wa mbele iko sambamba nao. Chukua wa juu-kulia: juu iko sambamba, kulia inakata. Kingo zote 12 ziko hivyo, stika moja inakata na nyingine ni sambamba.

Faida ya kwanza ni ukaguzi. Ukikuta ukingo ambao stika zake zote mbili zinakata, au zote mbili ni sambamba, stika mojawapo imebandikwa vibaya; hakuna mzunguko unaoweza kuleta hali hiyo.

Faida ya pili: hesabu kingo ambazo mistari yake haikubaliani na mpango wa mahali zilipo. Kila mzunguko wa robo unapindua kingo nne za uso huo, wa nusu haupindui hata moja. Idadi hiyo basi ni shufwa daima. Ukipata witiri, mchemraba ulifunguliwa na kuunganishwa vibaya, usipoteze jioni yako. Mchemraba uliounganishwa kwa kubahatisha una nafasi 1 kati ya 12 tu ya kutatulika, na kosa la ukingo mmoja kupinduka linagunduliwa hapa kwa nusu dakika.

Kwa kona ukucha hausaidii sana. Mistari ya stika tatu za kona inafuatana kama panka, kwa hiyo kona iliyozungushwa mahali pake inahisi vilevile kabisa. Kona lazima uinamishe na utazame.

Ingizo la 6: kusoma rangi

Ushike uso ukikutazama moja kwa moja, kisha uinamishe digrii 15 hivi kukatiza mistari, upande huu na ule. Usiusome ukiushika kwa kona, kama watu wengi walivyozoea ili waone nyuso tatu kwa pamoja. Ukiwa hivyo, kila uso unautazama kwa digrii 45 kukatiza mistari yake. Lenzi hii ina dirisha la takriban digrii 50, yaani 25 kila upande. Nje ya hapo unaona mchirizi wa lenzi ya jirani na rangi zinaanza upya. Unachokiona kwa kona ni rangi ya kweli ya stika hiyo, lakini hujui ni ya kwanza au ya pili.

Rangi moja haitoshi kutambua stika. Nyekundu inaweza kuwa ya juu au ya mbele. Jozi ndiyo jina lake. Kingo sita zinazounganisha nyuso jirani za duara (juu-mbele, mbele-kulia, kulia-chini, chini-nyuma, nyuma-kushoto, kushoto-juu) zinaweza kuonyesha rangi ileile pande zote mbili. Ukiuona ukingo mwekundu kotekote, umeshaupata: ni wa juu-mbele, hakuna mwingine.

Taa ina kauli yake. Balbu ya mwanga wa manjano ina bluu kidogo sana, na pinki hutofautiana na nyekundu kwa bluu tu, kwa hiyo uso wa mbele unaonekana haugeuki. Tumia balbu nyeupe ya 6500K. Dirisha la Julai, Nairobi ikiwa na mawingu kutwa, ni bora kuliko balbu yoyote. Jua la Februari linametameta kwenye lenzi na kukuachia mstari mweupe.

Ingizo la 7: kutatua

Njia ya tabaka kwa tabaka inafanya kazi bila kubadilishwa: msalaba wa chini, kona za chini, kingo za kati, kisha tabaka la juu. Herufi ni zile za nyuso kwenye Ingizo la 1; herufi peke yake ni kuzungusha uso huo robo kwa mwendo wa saa, yenye ' ni kinyume chake, yenye 2 ni nusu.

Tabaka la juu ndilo linalofurahisha. Kona zikishakaa na kingo zote zikiwa na stika ya juu upande wa juu, funga macho. Pitisha ukucha kwenye kingo nne za uso wa juu ukilinganisha na mpango. Zote nne zikikubali, aidha umemaliza au kingo zinazotazamana zimebadilishana. Zote nne zikikataa, kingo zinazopakana zimebadilishana mbili kwa mbili. Mbili zikikubali na mbili zikikataa, kingo tatu zinazunguka, na iliyotulia ni mojawapo ya zile mbili zilizokubali. Inamisha moja kuamua.

Ingizo la 8: vitovu

Kwenye mchemraba wa kawaida kitovu, kipande cha katikati ya uso, kikizunguka hakuna anayejua. Huu unajua. Kitovu kilichozunguka robo kina mistari iliyolala vibaya. Cha nusu kina mistari sawa lakini rangi zake zimebadilishana pande, hicho ni cha hatari kwa sababu ukucha haukioni. Mpangilio wa kawaida una hali 43,252,003,274,489,856,000. Vitovu vinazizidisha mara 2,048, zikawa 88,580,102,706,155,225,088,000.

Kinga ni hesabu ya darasa la tatu. Chukua fomula, yaani mfuatano wa mizunguko, jumlisha mizunguko ya kila herufi: robo ni +1, kinyume ni −1, nusu ni 2. Jumla ikigawanyika kwa 4, kitovu cha uso huo hakiguswi. Mifano:

R U R' U R U2 R': R ni 0, U ni 4. Salama.

F R U R' U' F': zote ni 0. Salama.

R U' R U R U R U' R' U' R2, ile ya kuzungusha kingo tatu: R ni 5, U ni −1. Kitovu cha kulia kinabaki robo mbele (kwa mwendo wa saa), cha juu robo nyuma (kinyume chake).

Kanuni hiyo haitoshi kwa fomula zinazosogeza safu ya kati, kwa sababu vitovu vyenyewe vinahama. M2 U M U2 M' U M2 (M ni safu ya kati kati ya kushoto na kulia, ikifuata mwendo wa L) inaonekana haina hatia, U zake zinajumlika 4, lakini robo mbili zinaangukia kitovu cha chini na nusu inaangukia cha mbele. Vyote viwili vinabaki vimepinduka digrii 180. Ndiyo fomula nzuri kwa kasi na mbaya kuliko zote kwa mchemraba huu.

Kurekebisha mwishoni kunahitaji fomula mbili tu.

Kitovu cha juu nusu mzunguko: U R L U2 R' L', irudie mara mbili.

Kitovu cha kushoto robo mbele na cha juu robo nyuma: M E M' U M E' M' U'. E ni safu ya kati iliyolala, ikifuata mwendo wa D.

Jumla ya robo za vitovu vyote ni shufwa mchemraba ukiwa umetatuliwa. Kitovu kimoja peke yake kikiwa robo nje, hiyo si kazi ya fomula: ni stika iliyobandikwa vibaya, au kifuniko cha kitovu kilichong'oka na kurudishwa kikiwa kimepinda.

Kilichobaki

Stika za kona za uso wa njano na nyekundu zinaanza kuinuka upande unaoguswa sana na kidole gumba. Gundi ya karatasi ya lenzi ni laini mno kwa kazi hii. Toleo lijalo litatumia utepe mwembamba wa pande mbili chini ya chapa, milimita 0.05, na stika zipunguzwe hadi 15.2. Rekebisho la doti 3 kwa 5 lijaribiwe pia kwenye kijani na njano likiwa 2 kwa 6. Majaribio ya karatasi ya lenzi 100 yanasubiri: kwa doti 600 inatoa doti 6 tu kwa lenzi, kwa hiyo itahitaji printa ya doti 1,200 ya kweli, na kwanza lazima ipatikane hapa mjini.